Gorbals haikuponzwa na wingi wa ghorofa

Mtaa wa Gorbals unapotajwa, ule ulio kusini mwa mto Clyde jijini Glasgow, Uskoti, watu huwahi kuhukumu kwamba maghorofa marefu hayawafai binadamu, na kwamba ndiyo sababu yakabomolewa. Hukumu hiyo siikubali.

Nyumba za awali hazikuwa za kutamaniwa. Zilikuwa za mawe, familia nzima ikijibana katika chumba kimoja au viwili, na choo cha kuchangia ngazini. Mpango wa kuvunja na kujenga upya ulipoidhinishwa mwaka 1957, waliopata bafu lao wenyewe na maji ya moto walifurahi, na walikuwa na kila sababu.

Balaa ilikuwa Hutchesontown E, mojawapo ya miradi ya nyumba mpya mtaani humo, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mabamba ya zege ya mfumo wa Tracoba kutoka Ufaransa, katika jiji lisilokaukiwa na mvua. Haukupita muda kuta zikalowa, ukungu mweusi ukatanda nyuma ya makabati, nguo zikaoza. Wapangaji walipolalamika, wenye mamlaka walidai kuwa unyevu unatokana na namna wanavyoishi: eti hawapashi nyumba joto vya kutosha wala hawafungui madirisha. (Kufungua dirisha Glasgow mwezi Januari!) Wapangaji walijipanga, wakaanzisha kampeni, baadhi wakagoma kulipa kodi, na hatimaye majengo hayo, ambayo wenyeji waliyaita Dampies kwa sababu ya unyevu wake, yalibomolewa mwaka 1987. Mwaka 1993 yakafuata yale ya ghorofa 20 yaliyosanifiwa na Basil Spence, na siku ya kuyalipua kifusi kilimuua mwanamke mmoja aliyekuja kutazama.

Sasa tazama minara minne iliyosanifiwa na Robert Matthew, ya ghorofa 18, iliyojengwa miaka ya 1960 katika mtaa huohuo. Ilikarabatiwa, na watu wanaishi humo hadi leo. Kama urefu ndio ungekuwa mkosaji, minara hiyo isingesalimika. Kilichokosekana kwingine ni ujenzi unaostahimili hali ya hewa ya mahali, matengenezo ya mapema, na mwenye nyumba anayemsadiki mpangaji.

Katika miaka ya 1990 eneo la Crown Street, mumo humo Gorbals, lilijengwa upya kwa majengo ya ghorofa chache yaliyopangwa kandokando ya barabara, kama zamani. Mpangilio wake naupenda. Hata hivyo, nyumba nyingi zilijengwa kwa ajili ya kuuzwa, ilhali waliolala na ukungu walikuwa watu wa kupanga.