Kabla ya kulipia diploma ya mtandaoni, jua mtoto anaelekea wapi

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, wawe Njiro au Usa River za Arusha, au Shanty Town ya Moshi, mtoto akikaribia umri wa sekondari huanza kuulizana programu ipi ni nzuri. Mimi naona hapo ndipo pesa nyingi zinapoanza kupotea. Ulizeni kwanza mtoto ataombea chuo nchi gani, kisha ni cheti kipi chuo cha huko kinakipokea bila maswali. Jibu la mtoto anayerudi Marekani na wazazi wake halifanani na la mtoto wa mtaa wa Sakina, Arusha, atakayeomba chuo hapa hapa nchini.

Jambo la sheria nalipitia upesi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani inafika Kidato cha Nne. Familia ya Kitanzania izungumze na afisa elimu mapema, isisubiri kuulizwa.

Sasa tuje kwenye diploma ya sekondari ya Marekani, yaani cheti cha kumaliza daraja la 12 kule, maana ndiyo inayotangazwa sana. Serikali kuu ya Marekani haitoi ithibati, yaani uthibitisho kwamba shule imekaguliwa na inafikia viwango, kwa shule za sekondari. Kazi hiyo hufanywa na majimbo na vyombo binafsi kama Cognia, Middle States na WASC. Kwa hiyo tangazo likisema tu "tuna ithibati", bado hujaambiwa kitu. Uliza wameipata kwa nani, kisha usiishie kwenye tovuti ya shule. Ingia kwenye tovuti ya chombo chenyewe, fungua orodha ya shule zake, tafuta jina kamili, na hakikisha mji na madaraja vinalingana, kwa sababu shule inaweza kuwa imepewa ithibati ya msingi tu. Angalia pia ithibati inaisha lini.

Kuna maneno mawili yanayowanasa wengi. La kwanza ni "mwanachama": kampuni inaweza kuwa mwanachama wa chama fulani cha elimu bila kukaguliwa na yeyote. La pili ni "mtaala wenye ithibati". Ithibati hupewa shule, si vitabu. Ukinunua mtaala mzuri ukafundisha mwenyewe mezani kwako, mtoto atajifunza vizuri tu, lakini diploma ya shule yenye ithibati haitokani na vitabu hivyo. Na yeyote anayeahidi diploma kwa mtihani mmoja, au kwa "uzoefu wa maisha", anauza karatasi. Mkimbie.

Shule za kweli zipo, na nyingine ni za zamani. University of Nebraska High School, kwa mfano, imekuwa ikifundisha kwa masafa tangu 1929, enzi za barua na stempu. Shule za aina hii huhesabu masomo kwa krediti. Kwa kawaida krediti moja ni somo la mwaka mzima, takriban saa 120, ambazo ukizigawa kwa wiki 36 unapata kama saa tatu na dakika ishirini kwa wiki. Diploma nyingi huhitaji krediti 22 hadi 24: nne za Kiingereza, tatu au nne za hisabati, na zinazobaki hugawanywa kwenye sayansi, jamii na masomo ya hiari.

Hapa ndipo wazazi wa nyumbani hukwama. Mtoto amesoma miaka miwili vizuri kabisa, mnataka aingie daraja la 11, na shule inakataa kuhesabu miaka hiyo. Sababu ni kwamba haina cha kukagua. Wekeni daftari moja kwa kila somo: jina la kitabu na toleo lake, sura zilizokamilika na tarehe, saa za wiki, na kazi nne au tano zilizosahihishwa kwa kalamu, si zilizowekewa vema tu. Hata hivyo shule inaweza kudai mtihani wa kupima, na nyingi huweka idadi ya chini ya krediti ambazo lazima zisomwe kwao. Ulizeni idadi hiyo kabla ya ada.

Halafu neno "unyumbufu" la kwenye matangazo, yaani mtoto kusoma kwa muda unaomfaa, lichunguzwe. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa nane mchana New York ni saa tatu usiku Arusha majira yao ya joto, na saa nne usiku wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba. Mtoto hawezi kuishi hivyo mwaka mzima. Tafuteni kozi ya kujisomea kwa kasi yake, yenye masomo yanayopakuliwa, maana umeme na intaneti hukatika. Kozi hizo nazo zina ukomo wake, na kuongezewa muda hulipiwa. Mitihani mikubwa huweza kuhitaji msimamizi asiye ndugu. Mtafuteni mwalimu au mkutubi wa karibu, aidhinishwe na shule kabla ya muhula kuanza.

Kwa mtoto atakayebaki Tanzania, maoni yangu hayana kona: diploma ya Marekani isiwe tegemeo pekee. Cheti cha nje lazima kipelekwe Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu na vyeti vya hapa, na mzazi asijipe moyo kwamba daraja la 12 litasomeka kama Kidato cha Sita. Aulize kwa maandishi kabla ya kulipa.

Njia ya hapa nchini ipo, na ni nafuu: kufanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila kuwa mwanafunzi wa shule. Ambaye hajasoma sekondari ya kawaida hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, QT, kisha baada ya kufaulu hufanya Kidato cha Nne mwaka unaofuata. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka kupitia kituo cha mtihani, na mitihani huja mwishoni mwa mwaka, hivyo anayekumbuka mwezi Juni amepoteza mwaka. Anayetaka cheti kinachotambulika nchi nyingi anaweza kufanya IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa Uingereza wa ngazi inayokaribiana na Kidato cha Nne. Kwa Biolojia, Kemia na Fizikia upo mtihani wa maandishi, Karatasi ya 6, badala ya maabara. Kazi ngumu ni kupata kituo kinachopokea watahiniwa wa nje, na kila kituo kina tarehe yake ya mwisho. Andikieni vituo mwaka mmoja kabla.

Mwisho, jina. Fomu nyingi za Marekani zina nafasi ya jina la kwanza na la ukoo, hivyo jina la kati hudondoka. Diploma inatoka na majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina matatu, na mtoto anaanza kufuatilia hati ya kiapo wiki ambayo dirisha la maombi ya chuo linafungwa. Siku ya kujisajili andikeni majina yote matatu kama yalivyo kwenye cheti, na mwombeni msajili awatumie nakala ya rekodi muone yameingiaje.