Paa Nililolinyoosha Los Angeles

Mimi ni seremala. Ufundi nilifundishwa Mombasa na babu yangu, aliyekuwa akitembea na timazi mfukoni kama wenzake walivyotembea na tasbihi. Basi siku ya kwanza kazini Los Angeles, nilipopandishwa juu ya nyumba moja kuukuu kuziba panapovuja, roho iliniuma. Paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda aliyechoka, vigae vya mbao vinapanda na kushuka mithili ya mawimbi.

Nikasema, maskini, aliyejenga hapa alikuwa amelewa. Msimamizi alikuwa amekwenda kununua misumari. Nikafunga uzi, nikaweka pima maji, nikang'oa mistari minne ya vigae na kuipiga upya. Ikanyooka kama safu za swala ya Ijumaa. Nikakaa ngazini nikisubiri kusifiwa.

Msimamizi aliporudi, boksi la misumari lilimponyoka.

"Umefanya nini?"

"Nimelinyoosha, bosi."

"Lilipindishwa makusudi!"

Nikasomeshwa palepale ngazini. Kumbe mwaka 1921 mbunifu wa seti za filamu, Harry Oliver, alibuni jengo la ofisi na vyumba vya kuvalia vya studio moja huko Culver City. Akalifanya kibanda cha mchawi wa hadithini: paa limechongoka na kuinama, madirisha hayalingani, kila kitu kimezeeshwa kabla ya siku zake. Baadaye likahamishiwa Beverly Hills likawa nyumba ya kuishi, na lipo hadi leo; watu wanaliita Nyumba ya Mchawi. Mji ule wa filamu ukanogewa. Miaka ya 1920 matajiri kwa wasio matajiri wakataka nao kulala ndani ya hadithi, na mafundi wakalipwa kupinda. Miaka mia baadaye nikatokea mimi na pima maji yangu.

Kunyoosha kulinichukua saa tatu. Kupindisha upya, siku tatu! Ukipinda kidogo, linaonekana kosa. Ukizidisha, linaonekana ajali. Na mwenye nyumba, bibi wa watu, amesimama chini na picha ya zamani mkononi: "Hapo bado pamenyooka."

Jioni nikampigia mama nikamsimulia. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo huko unalipwa kupindisha paa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa lile la jikoni kwangu, mbona ulinipindishia bure?"