Msisahau tope la Agincourt

Makala yenu kuhusu upinde mrefu wa Waingereza ni nzuri, ila mnaposema upinde huo ndio uliowaangamiza Wafaransa kwenye mapigano ya Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415, mmelisahau tope. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, shamba lilikuwa limetoka kulimwa, na wengi wa mabwana wa Kifaransa walikuja kwa miguu wakiwa na deraya za chuma mwili mzima. Msitu kulia, msitu kushoto, mbele vigingi vilivyochongwa, vya wapiga mishale wa Kiingereza. Mishale iliwatia farasi kiwewe na kuwasonga watu mpaka wakashindwa hata kuinua mikono. Wengi walimalizwa kwa nyundo na majambia, tena na wapiga mishale haohao, waliotupa pinde wakaingia topeni.

Halafu mtu wa kuuvuta upinde ule haokotwi barabarani. Mwaka 1363 Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza aliamuru wanaume wafanye mazoezi ya shabaha kwa upinde siku za sikukuu. Pinde zilizoopolewa kwenye meli ya kivita ya Kiingereza, Mary Rose, iliyozama 1545, nyingi zinakadiriwa kuhitaji nguvu inayozidi uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Silaha ilikuwa ni hayo mazoezi. Ule mti wa upinde ulikuwa nusu tu ya kazi.

Lakini hata mazoezi hayakutosha bila vigingi: kwenye mapigano ya Patay, Ufaransa, 1429, mambo yaligeuka. Wafaransa waliwavamia wapiga mishale wa Kiingereza kabla hawajamaliza kusimika vigingi, wakawafyeka. Hilo mngeligusa pia, angalau kwa aya moja.