Mzigo Wako Upo Tayari, Lipia Kwanza

Anayeuliza "bei?" mtandaoni bado si mteja. Wengi wao ni wapita njia: wanashangaa picha, wanaaga kwa "nitakutafuta", na hutawaona tena mpaka Idi nyingine. Kwa hiyo ukiwa umeajiriwa na unataka kujua kama wazo lako lina biashara ndani yake, usihesabu waliokupa vikopa vyekundu chini ya picha. Hesabu waliotoa hela kabla ya kuuona mzigo.

Kipimo changu kilikuwa kimoja kwa kila wazo. Mtaji usizidi 30,000. Picha ziwekwe jioni watu wakiwa kwenye daladala, maana asubuhi wanawahi kazini na mchana wanajificha kwa mabosi wao. Oda zilizolipiwa zisipofika kumi ndani ya wiki, wazo linazikwa bila matanga.

Mashuka yalizikwa mapema. Nilichukua picha kwa muuza duka wa Kariakoo, nikapokea oda bila kununua hata foronya, jambo ambalo kwenye semina za ujasiriamali wanalisifu sana. Sasa mimi natoka ofisini saa kumi na moja, nikifika Kariakoo mwenye duka anashusha geti. Nikienda Jumamosi, shuka la maua limeisha, limebaki la simba. Mama aliyelipia maua hataki simba kitandani kwake. Nikarudisha hela, makato ya kutuma yakawa yangu. Kuuza mali iliyo dukani kwa mtu kunamfaa anayeweza kufika dukani kwa mtu.

Ubuyu ulikuwa na adabu zaidi. Unapikwa usiku, unakaa, hauhitaji friji, na haumuulizi mtu anavaa saizi gani. Hesabu ya sufuria moja ilikuwa hivi: ubuyu kilo 2, 10,000, sukari kilo 1, 3,000, iliki, pilipili manga, vanila na rangi, 2,000, gesi, 2,000, pakiti 12 za karatasi zenye zipu, 1,800, lebo, 1,200. Jumla 20,000, na unapata kama kilo 3, yaani pakiti 12 za gramu 250. Kila pakiti imekugharimu kama 1,670, unaiuza 3,000.

Upishi wenyewe unataka subira kwenye shira. Sukari kilo 1 kwa maji nusu lita, chumvi nusu kijiko cha chai, chemsha mpaka tone ukilibana katikati ya vidole likivutika linatoa uzi. Hapo ndipo unatia rangi na viungo, unapunguza moto, unamimina ubuyu na kugeuza mpaka sukari ikaukie kwenye mbegu. Ukiuwahisha shira ikiwa maji, ule unga wote unavuliwa kwenye mbegu na unabaki na uji mwekundu wenye mawe. Kisha utandaze kwenye sinia upoe kabisa. Ukiufunga wa moto, mvuke unageuka maji ndani ya pakiti, sukari inalowa, na kwa joto hili la Dar baada ya siku chache mteja anakutumia picha ya ukungu na swali lisilo na salamu.

Kinachoua faida ni bodaboda. Mtu wa Posta, kule katikati ya jiji, ananunua pakiti mbili kwa 6,000, na boda kutoka kwangu Mbezi anataka zaidi ya hizo. Dawa yake ni kituo cha kuchukulia: mimi nafanya kazi Posta, wateja wengi wanafanya kazi Posta, basi saa saba mchana tunakutana chini ya mwarobaini na kila mtu anaondoka na bahasha yake. Ukituona kwa mbali utadhani tunauza kitu kibaya zaidi.

Kuhusu simu. WhatsApp ya biashara inataka namba yake. Namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa pamoja. Wataalamu watakuambia usajili laini mpya. Ushauri mzuri, ila laini mpya haina mtu aliyeihifadhi: picha zako za status hazionwi na yeyote, na tangazo ukilituma kwa orodha ya watu 256, linamfikia yule tu mwenye namba yako kwenye simu yake. Kwa kupima wazo, namba ya zamani ndiyo yenye watu. Nikahamishia biashara kwenye namba yangu ya siku zote.

Namba hiyo hiyo bosi wangu anayo. Nililijua hilo na nikajenga ukuta. Picha za ubuyu nilizificha kwake. Ujumbe wa kutokuwepo, ule unaojijibu wenyewe, niliuwekea ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, muda ambao simu yangu iko kwenye droo, sauti imezimwa, bando limewashwa, maana bila intaneti haujibu. Programu inakuuliza nani aupate: kila mtu, wasiokuwemo kwenye majina yako, kila mtu isipokuwa fulani na fulani, au uliowachagua tu. Nikachagua "isipokuwa", nikawatoa bosi, mhasibu mkuu, afisa utumishi, mpaka mlinzi wa getini.

Maswali yaliyobaki alikuwa anayajibu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa nyumbani akisubiri chuo kifunguliwe. WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa vingine vinne, nikamuunganishia kompyuta. Majibu ya haraka niliyaandaa: anaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja, sentensi nzima inatokea. Laini ya malipo ilikuwa kwenye kitochi pale pale mezani kwake, na alikuwa na amri moja isiyovunjwa: usiamini picha ya muamala, picha zinatengenezwa, angalia salio. Kila aliyelipa anaingia kwenye daftari: jina, namba, mahali, kiasi. Mimi jioni nafuata daftari tu.

Sasa bosi akasafiri kwenda Dodoma na mkaguzi wa ndani. Simu yake ikazima chaji. Akaazima ya dereva.

Bosi hajitambulishi. Anaamini sauti yake inasikika hata kwenye maandishi. Saa nne asubuhi, kutoka namba ya dereva, ambayo haikuwa kwenye ukuta wangu, akaandika: "Habari. Ile kazi iko tayari? Naihitaji sasa hivi, nina wageni."

Duka likamjibu papo hapo: "Asante kwa kututafuta! Mzigo wako upo tayari na utatumwa mara tu ukishalipia. Malipo kwanza, hatukopeshi hata ndugu." Chini yake namba ya kulipia, na maneno "jina litakalotokea ni", likifuatiwa na majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye mkataba wa ajira.

"Unajua unaongea na nani?"

Hapo shemeji akaingia kazini. Mkwaju, sawa: "Mpendwa, kwetu wateja wote ni sawa. Anayewahi kulipa ndiye anayewahi kupata."

"Yaani nilipie kazi ambayo nakulipa mshahara?"

Shemeji aliwahi kuambiwa makubwa kuliko hayo na watu wanaotaka kupunguziwa mia tano. Mkwaju, punguzo: "Bei zetu hazipungui mpendwa, ila ukichukua kumi, moja ya bure."

Kimya. Nadhani alikuwa anampa dereva asome, kuhakikisha macho yake.

"Shilingi ngapi?"

"Ndogo 3,000. Kilo 11,000. Ungependa ipi?"

Kimya kingine, kirefu zaidi. "Ndogo."

Ikaingia 3,000 kutoka kwa dereva. Shemeji akaangalia salio, hela ipo. Akauliza mpendwa yuko wapi. Jibu likaja kwa herufi kubwa: "DODOMA. NA UNAJUA NIPO DODOMA." Akamwambia mzigo utapanda basi la usiku, asubuhi ataupokea stendi, nauli ya kifurushi 5,000 juu ya mteja. Ikaingia 5,000, bila neno. Shemeji akambandika lebo ya "Imelipwa", na kwenye daftari, pembeni ya jina la dereva, akaandika: "Mkali, ila analipa."

Ile kazi aliyoiulizia ilikuwa ripoti, na ripoti yenyewe nilikuwa nimeshaituma kwenye barua pepe yake tangu saa tatu. Nikaketi ofisini na roho nyeupe kabisa, nikala wali maharage, nikagawa pakiti za watu chini ya mwarobaini.

Jioni nikafungua daftari. Oda ya Dodoma, ndogo moja, imelipwa na nauli. Mzigo wa basi una kanuni zake: uandike jina na namba ya anayepokea kwa kalamu nzito sehemu mbili, uweke na namba yako, udai risiti, uipige picha na kumtumia mteja, kwa sababu mzigo bila risiti huko mbele ni maneno matupu. Na usiutume ubuyu nje ya katoni. Ukilaliwa na gunia la mtu, zipu inafunguka. Katoni ndogo zilikuwa zimeniishia. Kwenye begi langu la kazini kulikuwa na bahasha ya kaki ya A4, ngumu, safi. Nikatia pakiti na kile kikadi chetu cha shukrani, nikagundisha, nikaipeleka stendi ya Magufuli.

Yaliyotokea Dodoma nilisimuliwa na dereva, ambaye mpaka leo hawezi kuyamaliza bila kuegemea gari. Bosi alishachaji simu na kuiona ripoti usiku ule. Lakini kesi haikuwa ripoti tena. Mfanyakazi anauza nyaraka za kampuni, ana bei ya ndogo na bei ya kilo, ana ofa ya kumi kwa moja, na anatumia mabasi! Bahasha ilipofika, mkaguzi aliamuru isiguswe. Ikawekwa katikati ya meza ya hoteli. Dereva akapewa simu arekodi. Mkaguzi akataja tarehe, saa na waliohudhuria, kisha bosi akaichana.

Zipu ilikuwa imefunguka njiani. Ubuyu ulimwagika kwenye shati jeupe la bosi, na kwa jasho la Dodoma mchana rangi haikukawia. Kikadi kikaangukia mbele ya mkaguzi, naye akakisoma kwa sauti ya kumbukumbu rasmi: "Asante kwa kutuunga mkono. Ukifurahia, waambie wengine. Usipofurahia, tuambie sisi."

Wakanyamaza. Baadaye mkaguzi akachukua kokwa moja, akalitia mdomoni, akasema lazima kielelezo kithibitishwe. Akathibitisha kwa robo saa. Kwenye video, sehemu ya mwisho, anaonekana akitoa maelezo ya kitaalamu kuhusu mapungufu ya udhibiti wa ndani, ulimi mwekundu kama pilipili hoho.

Jumatatu nikaitwa. Juu ya meza kulikuwa na mazungumzo yote yamechapishwa, yamepigwa mistari ya kijani. Bosi akasoma: "'Hatukopeshi hata ndugu.' Haya, bwana mdogo, nieleze."

Nikaeleza yote, kuanzia kitochi mpaka ukuta wa majina. Akasikiliza kama mtu anayeelezwa kwa nini lifti imekwama naye yumo ndani.

"Mkataba wako unasemaje kuhusu biashara binafsi?"

Hiyo nilikuwa nimeisoma kabla sijanunua hata iliki, na kila mwajiriwa aisome. "Unakataza biashara inayogongana na ya kampuni, na kutumia muda na vifaa vya ofisi, mzee. Kampuni haiuzi ubuyu. Simu ni yangu, bando langu, anayejibu ni shemeji, na yeye hajaajiriwa na yeyote."

Bosi akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki iliyochanika, akaigeuza taratibu. Nembo ya kampuni ilikuwa pale kwenye kona, yenye anuani na kaulimbiu.

"Na hii?"

Nikatoa shilingi 200 mfukoni, nikaziweka mezani. Akaziangalia. Akazisogeza kwenye faili ya vielelezo.

Jioni ile nilisajili laini mpya kwa alama ya kidole, nikahamishia duka huko na kuwaomba wateja mmoja mmoja waihifadhi. Wiki ya kwanza oda ziliporomoka kweli, kama nilivyojua zingeporomoka. Lakini kabla sijaondoka ofisini kwake, bosi aliniita nikiwa nimeshika kitasa.

"Mkaguzi anataka kilo moja. Na mimi niandikie ndogo nne, za kupeleka nyumbani. Nitalipa mwisho wa mwezi."

Nikameza mate. "Mzee, samahani, utaratibu wa duka ni malipo kwanza."

Akavua miwani.

"Wewe mshahara wako unaupata lini?"

"Mwisho wa mwezi, mzee."

"Na kazi unaifanya lini?"

Nikaandika: ndogo nne, kilo moja, deni.