Shusheni Kikapu Kwanza, Jezi Baadaye

Nimetumiwa tena picha ya timu mpya ya watoto ya mpira wa kikapu. Jezi zinang'aa, majina mgongoni, nembo ya simba aliyekasirika, na kocha kasimama katikati, mikono kifuani, uso wa fainali. Swali likafuata: "Unaonaje, tumeanza vizuri?" Nikaitazama tena. Nyuma yao kuna kikapu cha watu wazima, na mtoto wa mbele, miaka minane ikizidi sana, amekumbatia mpira namba 7, ule wa wanaume wazima, kama aliyetumwa boga.

Hapana, hamjaanza vizuri.

Ringi ya kawaida, ile duara ya chuma ya kikapu, iko mita 3.05 kutoka chini, na makocha wanaiheshimu namba hiyo utadhani ni aya. James Naismith alipobuni mchezo huu kule Springfield, Marekani, Desemba 1891, alipigilia vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi. Roshani ilikuwa na kimo hicho. Basi! Ingekuwa chini zaidi, leo tungekuwa tunaitetea namba nyingine kwa jazba ileile. Na waliocheza siku ile walikuwa wanaume wazima, si watoto wa darasa la pili.

Mtoto ukimpa mpira mzito na kikapu cha mbali, hakwambii hawezi. Anatafuta njia. Atauteremsha mpira hadi kiunoni, apinde mgongo, aurushe kwa mikono miwili huku anaruka kando, na siku moja utaingia. Mtashangilia! Na hapo ndipo mnapomharibu, maana mwili umeshashika kwamba hivi ndivyo watu wanavyofunga, na akifika miaka 14 utahangaika kumfundisha kusahau. Au hautaingia kabisa, naye aamue kwamba mchezo huu ni wa warefu, aende zake. Kisha utasikia kocha akilalamika kuwa watoto wa siku hizi hawana uvumilivu.

FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ambao kwenye kanuni hawana utani, wanataka watoto wa miaka 12 kushuka chini wachezee ringi ya mita 2.60 na mpira namba 5, usiozidi nusu kilo. Mwongozo wa NBA, ligi kubwa ya Marekani, na USA Basketball, chama cha mchezo huu nchini humo, unashuka hata zaidi kwa wa miaka saba na minane: kama mita 2.4. Hao ndio wenye nyota mliowabandika ukutani. Wao wanashusha, nyie mnang'ang'ania juu.

Najua nitajibiwa kwamba nguzo za kupandisha na kushusha ni ghali. Ni kweli, siwezi kubisha. Ila ringi ya chuma iliyofungwa kwenye ukuta imara haihitaji nguzo yoyote, na hata duara la chaki ukutani litamfundisha mtoto kurusha vizuri kuliko ringi asiyoifikia. Jezi nazo, nakubali shingo upande, huwaleta watoto mazoezini. Wiki ya kwanza.

Mengine nayapitia mbio. Zoni, yaani kila mlinzi kulinda eneo badala ya kumkaba mtu wake, msiwafundishe wadogo. Mnashinda kwa sababu wapinzani hawana nguvu ya kurusha kutoka mbali, na hakuna aliyejifunza kukaba. Msiokote warefu mkawaacha wafupi, kimo cha miaka kumi si kimo cha ukubwani. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, hata awe anaaminika vipi. Na kila mtoto aingie kiwanjani kila mechi. Aliyekaa benchi robo zote nne hamkumleta kucheza, mmemleta kutunza chupa za maji.

Wachezaji hamjafika kumi? Msingoje. Watatu kwa watatu, nusu kiwanja, kikapu kimoja. Ni mchezo kamili, ulichezwa hata kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na kwa watoto una faida moja kubwa: hakuna pa kujificha. Kwenye watano kwa watano yupo mmoja anayedunda mpira kutoka mwisho hadi mwisho, na yupo mwingine anayemaliza mechi bila kuugusa. Mimi hata ningekuwa na watoto arobaini ningewagawa hivyohivyo kwa miezi ya mwanzo.

Wazazi? Yule anayepiga kelele "Rusha! Rusha!" kutoka pembeni, mkabidhi filimbi achezeshe robo moja, halafu hao wazazi wengine wamshughulikie.