Tarehe zinazohamahama ndizo zinazotuumiza

Jumanne usiku, kabla ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, kituo cha mafuta cha mtaani kwetu hujaa bodaboda na bajaji. Bei kikomo mpya ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, huanza saa 6:01 usiku, kwa hiyo kila mtu anawahi kujaza kwa bei anayoijua. Jirani yangu mwenye bajaji huja na dumu la lita tano, amelifunga kwa kamba nyuma ya kiti. Mwezi mwingine anaokoa hela ya chai, mwezi mwingine bei inashuka na dumu linamkodolea macho.

Tukiulizana kwa nini bei haitulii, tunataja vita na dola. Ni kweli. Lakini kuna jambo tunalisahau: sera za tabianchi za mataifa makubwa, hasa zinapoyumba.

Sera hizi huvuta bei pande mbili. Magari ya umeme yakiongezeka, wanunuzi wa petroli wanapungua na bei inashuka. Benki zikikataa kukopesha visima vipya, mafuta yanapungua sokoni na bei inapanda. Kipi kitatangulia? Kisima huchukua miaka kabla ya kutoa pipa la kwanza, kwa hiyo mwekezaji anabashiri sheria za miaka kumi ijayo.

Sasa tazama anabashiri nini. Novemba 2020 Uingereza ilisema magari mapya ya petroli na dizeli yatakoma kuuzwa 2030. Septemba 2023 ikasogeza hadi 2035. Serikali ikabadilika, ikarudi 2030. Marekani nayo, Januari 2024 Biden alisitisha vibali vipya vya kuuza nje ya nchi gesi asilia iliyosindikwa. Januari 2025 Trump akaondoa zuio hilo siku ileile aliyoapishwa. Kwa hali hiyo, nani ataweka saini kwa moyo mkunjufu kwenye mradi wa gesi wa Lindi, kusini mwa Tanzania, unaohitaji miongo kurudisha fedha? Anayekubali kuuingia atadai fidia ya hofu yake ndani ya bei.

Mimi naziunga mkono sera za tabianchi kwa moyo wote. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalizoa mashamba ya watu ambao hawana hata pikipiki. Ninachodai ni ratiba isiyobadilika kila uchaguzi: kodi ya kaboni, yaani tozo kwa hewa chafu inayotokana na mafuta na gesi, ipande kidogo kidogo, kwa kiwango kilichotangazwa miaka mingi kabla. Bei ikipanda kwa kalenda, mtu hupanga. Ikiruka usiku, maskini ndiye anayelipa, kwa sababu hana akiba ya kungojea ishuke.

Na nyumbani tujiangalie. Watu wa Dar walijibana wakafunga mifumo ya gesi kwenye magari yao, kisha Juni 2024 serikali ikapendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kilo ya gesi hiyo. Jirani yangu anataka kuhamia gesi. Juzi alinijia kuomba ushauri, na bei ya mtungi hata hakuitaja. Aliniuliza wataweka tozo lini.