Anayepokea kadi naye amekopa

Mfanyabiashara anapoanza kufikiria kupokea malipo kwa kadi ya mkopo, swali lake la kwanza huwa: watanikata asilimia ngapi? Ni swali la haki, maana makato yale yatatoka kwenye mauzo yake kila siku. Lakini nimewaona wengi wakilinganisha viwango wiki nzima na kupigania tofauti ya nusu asilimia, kisha wakatia saini mkataba mrefu bila kusoma kifungu kinachoeleza ni lini fedha hizo zitakuwa zao kwelikweli. Nionavyo mimi, uzito wa uamuzi wote uko kwenye kifungu hicho. Wanaosifu kadi na wanaozikimbia, wote wana hoja. Kasoro ni kwamba hubishana sana juu ya gharama inayoonekana, na ile isiyoonekana wakaipita.

Tuitazame kwanza safari ya fedha. Mteja akigusisha kadi kwenye mashine, au akiandika namba zake kwenye tovuti, ombi huenda kwa benki inayompokelea mfanyabiashara malipo, likapita kwenye mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, likafika kwa benki iliyotoa kadi, nayo ikajibu ndiyo au hapana. Yote huisha ndani ya sekunde chache. Jibu la kukubaliwa maana yake ni kwamba kadi iko hai na kiasi hicho kimetengwa. Fedha bado hazijahama. Zitahama baada ya benki kuhesabiana, na mara nyingi zitamfikia mfanyabiashara baada ya siku moja hadi tatu za kazi. Mfumo huu una mizizi katika BankAmericard, kadi ambayo Bank of America iliizindua mjini Fresno, California, mwaka 1958, na ambayo mwaka 1976 ilipewa jina la Visa.

Makato anayolipa mfanyabiashara hugawanywa kwa watatu: benki iliyotoa kadi, mtandao wa kadi, na benki au kampuni iliyompokelea malipo. Kwa kawaida fungu kubwa kwenye kadi za mkopo huenda kwa benki iliyotoa kadi, na hapa wapinzani wa kadi wana hoja nzito. Fungu hilo halipimwi kwa gharama ya mitambo peke yake. Ndani yake mna hatari ya mteja kutolipa deni, na mna zile pointi na zawadi ambazo benki humpa mteja ili aendelee kuitumia kadi yake. Kwa maneno mengine, muuzaji anachangia zawadi ya mnunuzi bila kuulizwa. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na kwa kanuni ya mwaka 2015 ukaweka kikomo cha fungu hilo kwa kadi za wateja wa kawaida: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na asilimia 0.2 kwa kadi za debiti. Kadi hazikufa Ulaya kwa sababu hiyo. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba kiwango cha makato hutokana pia na nguvu ya mezani, na kwamba mfanyabiashara mwenye mauzo makubwa anayo haki ya kurudi kujadiliana.

Mwenye mauzo madogomadogo hana nguvu hiyo, tena kuna sehemu ya makato inayomuumiza zaidi: ada isiyobadilika kwa kila muamala. Chukua kiwango ambacho Stripe, kampuni ya kupokelea wafanyabiashara malipo, imekitangaza kwa miaka mingi kwa malipo ya mtandaoni nchini Marekani, yaani asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Kwenye mauzo ya dola 100, makato ni dola 3.20. Kwenye mauzo ya dola 5, makato yanakaribia senti 45, ambazo ni kama asilimia 9 ya bei. Biashara inayoishi kwa mauzo madogo yenye faida nyembamba inaweza kumhudumia mteja siku nzima kwa ajili ya benki.

Upande wa pili husema, na kwa ukweli, kwamba fedha taslimu nazo zina gharama, ila hazina risiti. Kuna kuhesabu, kukosea chenji, kuibiwa, kusafirisha hadi benki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kadi ni daftari linalojiandika lenyewe. Tena kadi humfanya mnunuzi awe mwepesi. Mwaka 2001, Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walichapisha utafiti ambamo watu walishindania tiketi za michezo kwa mnada. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa zaidi, kwa tofauti iliyofika hadi maradufu, kuliko walioambiwa watalipa taslimu. Sidhani mfanyabiashara yeyote atarajie mauzo yake yaongezeke mara mbili, kwani mnada si duka. Lakini mwelekeo ni wa kweli: asiyelazimika kuhesabu noti hukubali bei kwa urahisi. Na kwa anayeuza mtandaoni kwa watu wa nchi nyingine, mara nyingi kuikataa kadi ni kuyakataa mauzo yenyewe.

Kama mambo yangeishia hapo, hesabu ingekuwa rahisi: weka makato upande mmoja na mauzo ya ziada upande mwingine, kisha uone mzani umeelemea wapi. Hayaishii hapo.

Mwenye kadi anaweza kurudi kwa benki yake akasema: sikununua mimi, au bidhaa haikufika, au nilichopewa sicho nilichoahidiwa. Benki yake ikikubali kulifungua dai, fedha huchotwa kutoka kwa mfanyabiashara, na ni juu yake kuleta ushahidi. Kwa kawaida mteja ana takribani siku 120 za kudai. Pale ambapo huduma inatolewa baadaye, kama safari au tamasha, siku hizo huweza kuanza kuhesabiwa kutoka tarehe ambayo huduma ilitarajiwa. Sheria za nchi nazo zinaweza kumwongezea mteja kinga. Nchini Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 kinaifanya benki iliyotoa mkopo iwajibike pamoja na muuzaji, kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000.

Kwa hiyo fedha iliyoingia leo kwenye akaunti ya mfanyabiashara ina mkia mrefu. Mchana ameuza na amefurahi. Miezi mitatu baadaye anadaiwa azirudishe, na bidhaa imekwisha kwenda. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tumezoea kudhani kwamba aliyekopa hapa ni mwenye kadi peke yake. Benki inayompokelea mfanyabiashara malipo haioni hivyo. Kwake, kila malipo inayompa kabla muda wa madai haujaisha ni mkopo, kwa sababu mfanyabiashara akifilisika ni benki hiyo itakayobeba marejesho. Ndiyo maana fomu ya maombi huuliza maswali yanayofanana na ya mkopo: umefanya biashara kwa muda gani, unauza nini, mauzo yako kwa wastani ni kiasi gani, na kati ya kulipwa na kukabidhi bidhaa hupita siku ngapi. Wengi huona maswali hayo ni usumbufu wa makaratasi, wakajaza makadirio ya kubahatisha. Baadaye mauzo yakiruka ghafla kupita makadirio, fedha zinazuiliwa, na wao wanashangaa.

Kuhusu hasara ya dai moja, naomba msomaji afanye hesabu hii kwa kalamu. Tuseme unauza kitu kwa 100, kimekugharimu 90, na kadi inakata 3. Faida yako ni 7. Dai likija ukashindwa, unarudisha 100, bidhaa imepotea, na tuseme ada ya kushughulikia mzozo ni 15. Ukijumlisha yote umepoteza 108, yaani 90 za bidhaa, 3 za makato na 15 za ada. Kuzirudisha unahitaji mauzo mengine 16 yasiyo na dosari. Sasa mtu mwenye huduma ambayo gharama yake ni 30 tu kati ya hizo 100 afanye hesabu hiyohiyo: faida yake ni 67 kwa kila mauzo, na dai moja linamgharimu 48. Uchungu upo, ila haumwangushi. Hawa wawili wanaweza kupewa kiwango kilekile cha makato, na bado mmoja kadi zikamfaa na mwingine zikamfilisi.

Hata hivyo siungi mkono wale wanaosema haki ya mteja kudai fedha zake ni uonevu. Mtu anawezaje kumpa mgeni asiyemjua, aliye bara jingine, fedha kwa kitu ambacho hajakishika mkononi? Anaweza kwa sababu anajua kuna mahali pa kulalamikia. Mfanyabiashara mpya, asiye na jina, ndiye anayefaidika zaidi na kinga hiyo, hata kama haioni kwenye hesabu zake. Tena madai mengi yanaweza kuzuiwa mapema. Jina linalotokea kwenye taarifa ya mwenye kadi likiwa la kampuni asiyoitambua, atadhani ameibiwa. Jina lile hujazwa siku ya kufungua akaunti, kwa haraka, na hakuna anayelirudia. Njia ya uthibitisho inayoitwa 3-D Secure, ambayo humtaka mwenye kadi athibitishe kwa benki yake kabla ya kulipa, kwa kawaida huuhamisha mzigo wa wizi wa kadi kwenda kwa benki iliyotoa kadi. Hata hivyo, mteja akisema mzigo haukufika, uthibitisho huo haukusaidii.

Hatari kubwa kuliko dai moja ni fedha kuzuiliwa kwa pamoja. Mkataba unaweza kumruhusu mpokeaji malipo kushikilia sehemu ya mauzo kwa miezi kadhaa kama amana, na kuiongeza anapohofia. Aprili 2008 shirika la ndege la Frontier la Marekani liliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Sababu ya karibu ilikuwa kwamba kampuni iliyokuwa ikishughulikia malipo yake ya kadi, First Data, ilikuwa imetangaza kuanza kushikilia sehemu kubwa ya fedha za tiketi. Ndege zilikuwa zinaruka na abiria wapo. Kilichokatika ni mzunguko wa fedha. Usimlaumu upesi aliyezishikilia fedha hizo: abiria walikuwa wamelipia safari ambazo hazijafanyika, na shirika likianguka, marejesho yangemwangukia yeye. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, na ndiyo maana kifungu hicho hakijadiliwi vizuri wakati wa dharura. Anayeuza vitu vya kutolewa baadaye akijadili kabla ya kusaini, huku akiweka kando fedha zisizotumika hadi huduma itolewe, anakuwa amejikopesha mwenyewe badala ya kukopa kwa benki.

Hapo linakuja chaguo la njia. Unaweza kufungua akaunti yako ya mfanyabiashara kwenye benki, au ukapitia kampuni zinazokusanya malipo ya wafanyabiashara wengi chini ya mwavuli wao, kama PayPal, Square na Stripe. Benki hukuchunguza mwanzoni, tena kwa siku nyingi. Kampuni hizi hukupokea kwa dakika chache na kukuchunguza ukiwa tayari unauza, na ndiyo sababu malalamiko ya akaunti kufungwa ghafla husikika zaidi kwao. Anayeanza, mwenye mauzo madogo, sioni sababu ya kumwambia aende benki: ada za kila mwezi zitamla. Lakini mauzo yakikua, nusu asilimia ile aliyoipigania mwanzoni inakuwa fedha ya maana, na kutegemea njia moja kunakuwa hatari. Ikumbukwe pia kwamba mfanyabiashara aliyefungiwa kwa makosa mazito anaweza kuandikwa kwenye orodha ya Mastercard iitwayo MATCH, ambayo benki huiangalia kabla ya kumpokea mtu, na jina hukaa humo miaka mitano.

Juu ya usalama nitasema kidogo tu, kwa kuwa hapa sioni pande mbili. Kanuni za PCI DSS, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, humhusu kila anayegusa namba za kadi, na zinakataza kabisa kuhifadhi zile tarakimu za siri za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliibiwa taarifa za kadi takribani milioni 40, nayo ilikuwa na wataalamu na fedha za kujilinda. Mfanyabiashara mdogo asiziguse namba hizo. Aache ukurasa wa malipo uwe wa kampuni inayomhudumia, na yeye abaki na tokeni, yaani alama inayoisimamia kadi bila kuifichua.

Tokeni nazo zina mwenyewe. Ukiwa na wateja elfu wanaolipa kila mwezi, kadi zao zimehifadhiwa kwa kampuni inayokupokelea malipo, na tokeni ulizonazo hazifunguki kwingine. Siku ukitaka kuhama, kampuni yenye nia njema itazihamisha taarifa hizo kwa usalama hadi kwa mpokeaji mpya. Isiyo na kifungu hicho itakuacha uwaandikie wateja mmoja mmoja, uwaombe waingize kadi upya, na sehemu yao hawatajibu. Swali hilo liulizwe kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza kupita.